Ukiondoa ugali kwenye sahani, uweke nini mahali pake?

Sisi tunaowaandalia habari hizi kila siku tuko wachache, na kazi yetu ni ya kukaa. Tunakaa mbele ya kompyuta hapa Uingereza tangu asubuhi, chakula cha mchana tunakila hapo hapo mezani, na jioni tunapanda basi kurudi nyumbani kula tena. Kwa hiyo hatukushangaa sana pale ambapo, katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2024, watatu kati yetu walirudi kutoka kwa daktari wa familia na majibu yanayofanana. Wawili waliambiwa wana kisukari aina ya pili. Wa tatu aliambiwa bado, lakini yuko mlangoni.

Kipimo chenyewe kinaitwa HbA1c, nacho huonyesha wastani wa sukari iliyokuwamo katika damu kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Hapa Uingereza anayefikisha 48 huhesabiwa kuwa na kisukari, na aliye kati ya 42 na 47 huambiwa yuko katika hatari. Aidha, kwa mujibu wa mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu nchini humu, watu wenye asili ya Afrika, Asia na Mashariki ya Kati huanza kuhesabiwa kuwa na uzito uliozidi wakifikisha BMI 23, si 25 kama Wazungu, kwa sababu maradhi haya huwapata wakiwa na mwili mdogo zaidi. Mwenzetu mmoja ambaye sote tulikuwa tukimwita mwembamba ndiye aliyetoka na tarakimu kubwa kuliko wote.

Tukaamua kwa pamoja, hata wale ambao hawakuambiwa kitu, kupunguza vyakula vya wanga. Yaliyotupata ndiyo tunayotaka kuyasimulia leo, kwani tunajua wapo wasomaji wetu wengi, huku na huko nyumbani, wanaojaribu jambo hilo hilo, na tumesikia mara nyingi wakiliacha kabla mwezi haujaisha na kusema kuwa "halifai kwa Mwafrika". Maoni yetu ni kwamba linafaa, ila wengi hulianza kwa kosa tulilolianza sisi.

Kwanza tueleze kwa nini wanga. Ugali, wali, chapati, muhogo, viazi na ndizi za kupika vikishafika tumboni huvunjwa kuwa glukosi, ambayo ndiyo sukari ya damu. Mtu mwenye afya hutoa insulini kutoka kwenye kongosho na sukari hiyo ikaingia kwenye misuli na ini. Mwenye kisukari aina ya pili mwili wake umekuwa mzito kuitikia insulini, na kongosho limechoka. Daktari mmoja wa mji wa Southport, kaskazini-magharibi mwa England, aitwaye David Unwin, alipata njia nyepesi ya kuwaeleza wagonjwa wake: alichora vyakula na mbele ya kila chakula akaweka idadi ya vijiko vya chai vya sukari vinavyolingana nacho kwa jinsi kinavyopandisha sukari ya damu. Gramu 150 za wali mweupe wa basmati uliopikwa zikawa sawa na vijiko 10 hivi. Na gramu 150, ndugu wasomaji, ni kidogo. Sahani tunayopakuliwa kwenye harusi zetu ina mara mbili yake, kabla hujaongezewa.

Kuhusu ugali, hesabu ni rahisi kuifanya jikoni. Katika kila gramu 100 za unga wa mahindi kuna takriban gramu 75 za wanga. Anayekula ugali wa gramu 150 za unga, na hiyo si sahani ya mtu mlafi, amekula zaidi ya gramu 110 za wanga katika mlo mmoja. Wapo wanaosema kuwa dona, mtama na ulezi "havina sukari". Vina nyuzinyuzi zaidi kuliko sembe, na hilo ni jambo jema, lakini wanga wake unakaribiana na wa sembe. Unga wa muhogo ndio kabisa.

Wataalamu wa hapa huita mlo wa wanga mdogo ule wenye chini ya gramu 130 za wanga kwa siku. Wanaoshuka chini ya gramu 50 wako kwenye mlo mkali zaidi, ule ambao mwili huanza kutegemea mafuta kama chakula chake kikuu. Kwa kulinganisha, kiasi kinachoandikwa kwenye pakiti za vyakula nchini humu kuwa ndicho cha kawaida kwa mtu mzima ni gramu 260.

Sasa tuje kwenye kosa letu.

Jumatatu ya kwanza tuliondoa ugali, wali, mkate na chapati. Mahali pake tukaweka kidari cha kuku kisicho na ngozi, kilichochemshwa, na kando yake vipande viwili vya tango. Kuku tulimwongeza mpaka sahani ikajaa. Mafuta hatukuweka, kwa sababu tangu utotoni, hasa tangu tulipofika huku, tumeambiwa kuwa mafuta ndiyo yanayonenepesha na kuziba mishipa. Hivyo tulikuwa tumekimbia wanga na mafuta kwa wakati mmoja. Siku ya tatu vichwa vilianza kuuma. Siku ya nne wawili kati yetu walikuwa hawajapata choo tangu Jumatatu. Njaa ilikuwa ya ajabu, kwani tumbo lilikuwa limejaa nyama na bado mtu anatamani kula. Ilipofika Alhamisi mmoja alionekana dukani akinunua mandazi matatu, akayala amesimama.

Lakini lililotutisha lilikuwa jingine. Mwenzetu mmoja alikuwa akimeza vidonge vya gliclazide, ambavyo hulisukuma kongosho litoe insulini zaidi. Alipunguza wanga lakini vidonge akaendelea navyo kwa kiasi kile kile, bila ya kumwambia daktari wala muuguzi. Ijumaa kabla ya adhuhuri alianza kutokwa jasho mezani, mikono ikatetemeka, akawa anajibu maswali kama mtu aliyeamshwa usingizini. Tulipompima sukari ilikuwa 3.1. Hapa Uingereza chini ya 4 huhesabiwa kuwa imeshuka mno. Tulimpa juisi ya machungwa, baada ya robo saa akarudi katika hali yake, na alasiri hiyo alipiga simu kwa daktari, ambaye alipunguza dawa siku hiyo hiyo na kumgombeza kidogo. Kosa lilikuwa letu, si la daktari.

Kwa hiyo kabla hatujasema neno lolote kuhusu sahani, tunawaomba sana: mwenye kutumia insulini, gliclazide, glibenclamide na dawa nyingine za jamii hiyo asianze mlo huu kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu dawa hupaswa kupunguzwa mapema na si baada ya kuanguka. Wanaotumia dapagliflozin, empagliflozin na nduguze wana hatari ya namna nyingine, kwani dawa hizo zikikutana na wanga kidogo mno huweza kusababisha asidi kujaa katika damu hata kama kipimo cha sukari hakionyeshi tatizo. Wenye dawa za shinikizo la damu nao wapimwe, maana shinikizo mara nyingi hushuka. Mama mjamzito na mwenye kisukari aina ya kwanza hawafai kujifanyia jambo hili wenyewe.

Tukirejea kwenye sahani, swali ni hili: ugali ulikuwa unafanya kazi gani pale? Ulikuwa unaleta nguvu ya mwili, na ulikuwa unajaza nafasi. Hizo ni kazi mbili tofauti, na kila moja inahitaji mrithi wake. Sisi tulidhani nyama inaweza kuzirithi zote mbili.

Tufanye hesabu. Mtu aliyekuwa akila gramu 260 za wanga kwa siku akishuka hadi 60 amepunguza gramu 200. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, kwa hiyo amepoteza kalori 800. Protini nayo hutoa kalori 4 kwa gramu, hivyo akitaka kuzifidia kwa protini peke yake atahitaji gramu 200 zaidi ya zile alizozoea, yaani zaidi ya nusu kilo ya kidari cha kuku juu ya nyama yake ya kila siku. Hakuna anayeweza kuendelea hivyo. Ini lina mpaka wa kiasi cha protini linachoweza kukishughulikia, na mpaka huo ukivukwa mtu huugua.

Hili si jambo la kubuni. Vilhjalmur Stefansson, mvumbuzi wa safari za nchi za baridi aliyezaliwa Canada mwaka 1879, aliishi miaka mingi na watu wa kaskazini ambao chakula chao kilikuwa nyama na samaki tu. Aliporudi alisema mtu anaweza kuishi hivyo, na waganga wakambishia. Mwaka 1928 yeye na mwenzake Karsten Andersen walikubali kula nyama peke yake kwa mwaka mzima, wakianzia chini ya uangalizi katika hospitali ya Bellevue mjini New York. Mwanzoni watafiti walimpa Stefansson nyama isiyo na mafuta, kama sisi na kidari chetu. Haikuchukua siku tatu akawa mgonjwa, anachafukwa na moyo na kuharisha. Alipopewa nyama yenye mafuta alipona upesi, na mwaka ukaisha akiwa mzima. Sehemu kubwa ya kalori alizokula mwaka ule, robo tatu au zaidi, zilitokana na mafuta. Watu wa kaskazini walikuwa wakilijua jambo hilo tangu zamani: anayeishi kwa nyama ya sungura, ambayo haina mafuta, hudhoofika huku anakula.

Hatusemi watu waishi kama Stefansson. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba nguvu iliyoondoka pamoja na ugali hurithiwa na mafuta, na nafasi iliyoachwa na ugali hurithiwa na mboga za majani. Protini hubaki pale pale ilipokuwa, au huongezeka kidogo tu kwa yule aliyekuwa akila kidogo mno. Na kama mtu ana kilo za kupunguza, si lazima kalori zote 800 zifidiwe kutoka jikoni. Sehemu yake itatoka kwenye mafuta aliyoyabeba kiunoni, ambayo nayo ni chakula kilichowekwa akiba.

Protini basi ni kiasi gani? Shirika la Afya Duniani limeweka gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku kuwa kiasi kinachomtosha mtu mzima mwenye afya. Kwa mlo wa namna hii, na hasa kwa mtu aliyevuka miaka 60 ambaye misuli imeanza kumwacha, wengi hushauri gramu 1 hadi 1.2. Mtu wa kilo 75 hapo anahitaji gramu 75 hadi 90. Mayai mawili ya asubuhi yatampa 12 au 13. Kipande cha samaki cha gramu 150 mchana kitampa kama 33, na mapaja ya kuku ya gramu 150 usiku kama 37. Amemaliza. Mwenye maradhi ya figo asiongeze protini bila ya ruhusa ya daktari. Kwa wasiokuwa na fedha za kuku kila siku, mayai, vibua vya kopo na dagaa wakavu wanatosha, na dagaa kwa uzito wake ana protini kushinda nyama yoyote buchani, kwa kuwa amekwisha kukaushwa maji.

Maharage yametugombanisha sana hapa ofisini. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina gramu 9 hivi za protini, lakini pia zina gramu 22 za wanga, ingawa 7 kati ya hizo ni nyuzinyuzi ambazo hazigeuki sukari. Tulikubaliana hivi: maharage hayakatazwi, ila siku yanapokuja mezani yahesabiwe kuwa ndiyo wanga wa siku hiyo. Maharage na wali pamoja ni mapenzi ya zamani ambayo mwenye kisukari inabidi ayavunje.

Sasa mboga. Hapa inafaa kuisikiliza lugha yetu wenyewe. Bara, mtu akiuliza "Leo mboga nini?" unaweza kumjibu "Nyama", au "Samaki", au "Mchicha", na yote ni sawa. Pwani atasema kitoweo. Maana yake ni kwamba katika mawazo yetu chakula ni ugali au wali, na kila kingine, hata ng'ombe mzima, ni kitu cha kuusindikiza. Ndiyo maana mchicha ukapewa pembe ndogo ya sahani, kijiko kimoja au viwili, wa kulainishia tonge. Mlo wa wanga mdogo unataka kuipindua sahani hiyo. Mboga za majani zichukue nusu nzima, na kwa ukweli tungesema zichukue nusu iliyojaa kilima.

Tena sisi tuna bahati ambayo Waingereza hawana. Wao wakiambiwa mboga hufikiria karoti na njegere za kuchemsha, ndiyo maana wanalalamika. Sisi tuna mchicha, matembele, sukuma wiki, mnafu, majani ya kunde, majani ya maboga, kisamvu, bamia, bilinganya, nyanya chungu na kabichi. Mingi ya mizigo hii inapatikana huku. Mchicha uko kwenye maduka ya Wahindi, na Wajamaika, ambao huuita callaloo, huuuza hata kwenye makopo. Kisamvu kilichotwangwa na kugandishwa kwa barafu kiko kwenye maduka ya Wakongo kwa jina la pondu au sombe. Anayekitwanga mwenyewe akumbuke kukichemsha muda mrefu kama wafanyavyo kina mama nyumbani, maana majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Mchicha uliopikwa una gramu 4 hivi za wanga kwa kila gramu 100, na zaidi ya nusu yake ni nyuzinyuzi. Ukila sahani nzima bado hujafika robo ya wanga wa chapati moja. Kamati ya wataalamu wa lishe inayoishauri serikali ya Uingereza ilipendekeza mwaka 2015 gramu 30 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima, na anayeacha nafaka na kunde huzipoteza nyingi. Hapo ndipo choo kinapofunga. Dawa yake kwetu ilikuwa bamia mara tatu kwa wiki, kabichi, parachichi na maji ya kunywa, na tatizo likaisha bila ya kwenda duka la dawa. Wanaotumia dawa ya warfarin wasiongeze majani ya kijani ghafla kabla ya kumwarifu daktari, kwani vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Yale maumivu ya kichwa ya siku ya tatu nayo yana sababu. Insulini ikishuka, figo huachia chumvi na maji kwa wingi, na mtu hupata kizunguzungu na uchovu. Mchuzi wa mifupa au supu yenye chumvi ya kawaida hutuliza, isipokuwa kwa yule ambaye daktari amemkataza chumvi kwa ajili ya moyo au figo.

Mafuta tumeyaacha mwisho kwa sababu ndiyo yenye ubishi mkubwa zaidi. Jinsi ya kuyatia si kunywa mafuta kikombeni, kama wafanyavyo baadhi ya vijana siku hizi. Yatiwe kwenye mboga. Mchicha wa nazi, kisamvu cha karanga, bilinganya iliyokaangwa kwa mafuta ya zeituni, kabichi na siagi kidogo, kachumbari iliyokatiwa parachichi, vyote hivi tulivijua kabla ya daktari yeyote kutuambia. Na mafuta hayaleti nguvu tu. Vitamini A na K zilizomo kwenye majani hazinyonywi vizuri mwilini bila ya mafuta, kwa hiyo mchicha wa kuchemsha mtupu ni nusu hasara.

Hata hivyo mafuta si yote sawa. Nazi na samli zimejaa mafuta mazito, na kwa baadhi ya watu, si wote, kolesteroli mbaya iitwayo LDL hupanda sana wakizitegemea. Serikali ya hapa inashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi gramu 30 kwa siku kwa mwanamume na 20 kwa mwanamke. Mwenzetu mmoja, mtu wa Tanga, alifurahi mno kusikia kuwa mafuta yameruhusiwa, akawa anatia kopo zima la tui zito kila usiku. Baada ya miezi mitatu LDL yake ilikuwa imepanda. Alirudisha nazi kuwa mara mbili kwa wiki, siku nyingine akatumia mafuta ya zeituni, karanga, parachichi na samaki wenye mafuta kama vibua na dagaa, na kipimo kilichofuata kikashuka. Kwa hiyo tunashauri kolesteroli ipimwe kabla ya kuanza na baada ya miezi mitatu. Na kwa watu wa Mtwara na Lindi tuna habari mbaya: korosho ina gramu 30 za wanga katika kila gramu 100, karibu mara mbili ya karanga. Kiganja kimoja kitoshe.

Je, ushahidi unasemaje? Dokta Unwin na wenzake walichapisha mwaka 2023 matokeo ya wagonjwa 186 wa kisukari aina ya pili katika zahanati yake waliochagua mlo wa wanga mdogo. Zaidi kidogo ya nusu, asilimia 51, walikuwa wamefikia hali ya kutokuwa na kisukari katika vipimo bila ya dawa, na kwa wale ambao ugonjwa wao haukuwa umetimiza mwaka idadi ilikuwa asilimia 77. Tuwe wakweli: hao walichagua wenyewe, na mwenye kuchagua huwa na bidii kuliko anayelazimishwa. Kamati ile ile ya lishe iliripoti mwaka 2021 kuwa mlo huu unaweza kuwafaa watu wazima wenye kisukari aina ya pili na uzito uliozidi kwa muda mfupi, hadi miezi sita, na kwamba ushahidi wa muda mrefu zaidi ya huo si imara. Tena upo utafiti mwingine mashuhuri wa Uingereza, DiRECT, uliotolewa mwaka 2017, ambao wagonjwa walipewa vinywaji na supu za kalori 850 hivi kwa siku kwa miezi kadhaa. Sehemu kubwa ya kalori za vinywaji vile ilitokana na wanga, na bado asilimia 46 walipata nafuu ya namna hiyo baada ya mwaka. Kwa hiyo kupungua uzito ndiko kunakofanya kazi kubwa. Faida ya sahani tunayoieleza ni kwamba mtu hushiba, na aliyeshiba huvumilia.

Kilichobaki kuwa kigumu kwetu si jikoni, ni kwa watu. Mwezi Agosti mwaka 2024 tulialikwa harusi huko Leicester. Biriani ilikuja kwenye masinia, na aliyekuwa akipakua ni shangazi wa bibi harusi, mama mtu mzima anayeheshimiwa na wote.

"Shikamoo shangazi. Mimi naomba nyama, rojo na kachumbari tu."

"Marahaba mwanangu. Na wali je? Au wa kwangu haukuiva?"

"Umeiva shangazi, unanukia tangu mlangoni. Ni sukari tu, daktari amenipunguzia wali."

Alinyamaza, akaangalia huku na huku, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi wameniambia. Nimewaambia waongo." Akapakua nyama, akaongeza kachumbari mara mbili, na wali akatia kijiko kimoja pembeni, kwa heshima. Mwenzetu alikula hicho kijiko kimoja. Baadaye tulimwona shangazi amekaa nyuma ya ukumbi na sahani yake mwenyewe, nyama na kachumbari, wali kidogo, akimwita mwenzetu kwa mkono aende akamwandikie majina ya zile mboga.

Wale watatu wetu wanaendeleaje? Yule aliyekuwa mlangoni amerudi hadi 40 na anakula ugali wa ngumi moja siku za Jumapili. Mwenye gliclazide aliiachishwa na daktari mwezi wa tano na kubaki na metformin peke yake, kipimo chake cha mwisho kilikuwa 50, bado ni kisukari lakini si kile cha 71 alichoanza nacho. Wa tatu, yule mwembamba, alishuka kidogo tu. Daktari amemweleza kuwa kwake yeye tatizo liko zaidi kwenye kongosho kuliko kwenye uzito, na ameanzishiwa insulini. Anaendelea kula sahani ile ile pamoja nasi, na sukari yake anaipima kabla ya kila mlo.

Leo mchana ilikuwa zamu yake ya kupika. Alileta vibua vya kukaanga, mchicha wa nazi kwa kuwa ni Jumatano, na bamia.